Usiache mbachao: wakili anayetaka kuhamia kazi ya ushauri wa biashara

Katika baraza zetu za Mombasa, Malindi na Lamu, mtoto akisomea sheria huwa ni mtoto wa mtaa mzima. Akiapishwa kuwa wakili, kina ami na kina shangazi hupiga simu za pongezi, na kabla wiki haijaisha ashaletewa faili la shamba la babu lenye mgogoro wa miaka ishirini. Basi kijana huyo anaposema, "Baba, nataka kuacha uwakili niende kwenye kazi ya ushauri wa biashara," nyumba nzima hushtuka. Kuna wanaodhani amefukuzwa. Kuna wanaosema ametiwa jicho. Na wengi, tuseme kweli, hawajui hiyo kazi mpya ni kazi gani.

Mshtuko huo una sababu. Shahada ya sheria ni miaka minne. Kisha kuna Shule ya Sheria ya Kenya iliyoko Karen, Nairobi, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu. Mpaka kijana asimame mbele ya Jaji Mkuu aapishwe, imeshapita karibu miaka sita, na kwa familia nyingi za huku kwetu kimeshauzwa kiwanja au zimeshachangwa pesa za ukoo. Mzazi ana haki ya kuuliza: je, hayo yote yalikuwa ya bure?

Hapo ndipo wazee hutoa methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini tuisikilize vizuri. Methali haikukatazi kuwa na msala mpya. Inakukataza kuutupa mkeka wako mkuukuu kwa ajili ya kitu ambacho bado hujakishika mkononi. Na ndiyo hoja ya makala haya. Wakili anaweza kuhamia kazi ya ushauri na akafanikiwa, ila atafanikiwa kwa kwenda na uwakili wake, si kwa kuutupa.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kampuni, serikali au shirika huwa na swali ambalo limeshindwa kulijibu, au linataka jicho la mtu wa nje. Mbona mauzo yameshuka? Tufungue tawi Voi au tusifungue? Mbona mizigo inalala ghalani siku nyingi kuliko ya jirani? Mshauri huajiriwa kwa wiki au miezi kadhaa kulitafutia jibu. Yeye na wenzake huhoji wafanyakazi, hupekua hesabu, hulinganisha na wengine wa biashara hiyo, kisha humwambia mwenye kampuni afanye nini, kwa utaratibu gani na kwa gharama gani.

Wapo wakubwa wa dunia wenye ofisi Nairobi, kama McKinsey na Boston Consulting Group, pamoja na zile kampuni nne kubwa za uhasibu, Deloitte, PwC, KPMG na EY, ambazo zina idara za ushauri. Chini yao kuna kampuni ndogo nyingi za watu watatu au wanne, na watu binafsi wanaoitwa makonsaltanti, wengine wakiwa na ofisi na wengine wakiwa na laptopu tu.

Tofauti na uwakili ni hii. Mteja humwuliza wakili, "Sheria yaniruhusu?" Humwuliza mshauri, "Hata ikiniruhusu, yanifaa?" Maswali haya ni ndugu, lakini si pacha.

Aliyeijenga kazi hii alikuwa wakili

Wanaodhani sheria na ushauri ni dunia mbili hawajasikia habari za Marvin Bower. Mmarekani huyu alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1928, akarudi hapo hapo kusomea biashara, akamaliza 1930. Akafanya kazi katika kampuni ya mawakili ya Jones Day mjini Cleveland. Huo ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, kampuni zikifilisika kila upande, na kazi yake ilikuwa kuhudumia kamati za watu waliozikopesha kampuni hizo kwa kununua bondi zake.

Hapo aliona jambo. Mawakili walishughulikia sheria. Wahasibu walishughulikia vitabu vya hesabu. Lakini swali la kwa nini kampuni ilianguka, na iendeshweje isianguke tena, halikuwa na mwenyewe. Mwaka 1933 akajiunga na kampuni ndogo iliyoanzishwa Chicago na James McKinsey, profesa wa uhasibu. McKinsey alifariki 1937, Bower na wenzake wakaiendeleza, na yeye akaiongoza kuanzia 1950 hadi 1967. Alifariki 2003.

Muhimu kwetu ni alichokichukua kutoka ofisi ya mawakili. Alisisitiza kwamba maslahi ya mteja yatangulie mapato ya kampuni, kwamba siri ya mteja isitoke nje, na kwamba mshauri amwambie mteja ukweli hata kama utamuudhi. Hizo ni adabu za wakili. Bower aliingia na mkeka wake, akautandika kwenye nyumba mpya.

Wakili anaingia na nini?

Cha kwanza, anajua kusoma. Mtu aliyezoea faili la kurasa mia nne, akatafuta barua moja inayobadilisha kesi, hatatishwa na ripoti ya hesabu za miaka mitano.

Cha pili, anajua kuuliza. Kumhoji meneja wa ghala ambaye hataki kusema ukweli hakuko mbali na kumhoji shahidi. Tofauti ni kwamba huyu wa ghala humtaki aaibike, unamtaka aseme.

Cha tatu, anazijua kanuni zinazobana biashara. Kampuni nyingi siku hizi zinatafuta ushauri kuhusu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kodi, leseni na mazingira. Huku Pwani, ambako mradi mkubwa unaweza kukwama kwa sababu ya ardhi, anayeielewa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 na anayeweza kukaa na wazee wa kijiji wakamwelewa, ana mtaji ambao haupatikani darasani.

Anajifunza nini upya?

Hapa ndipo wengi hukwama. Kwanza ni hesabu. Mawakili wengi hutania kwamba walikimbilia sheria kuikimbia hisabati. Kwenye ushauri hakuna pa kukimbilia, jedwali la Excel ndilo jembe la kila siku.

Pili ni namna ya kueleza. Wakili hupanga ukweli, kisha sheria, kisha hoja, na uamuzi huja mwisho. Mteja wa ushauri anataka jibu mwanzo, sababu zifuate. Barbara Minto, aliyeingia McKinsey mwaka 1963, ndiye aliyeieneza njia hiyo na kuifananisha na piramidi: jibu juu, sababu kuu chini yake, na ushahidi chini ya kila sababu.

Tatu ni kuamua kabla ya kujua yote. Wakili amefundishwa kutosema neno asilokuwa na ushahidi nalo. Mshauri akisubiri ushahidi wote, mteja atakuwa ameshafunga duka. Hukadiria, akasema wazi kwamba amekadiria, akaendelea.

Nne, na hili ndilo gumu zaidi, ni kuacha kutetea upande. Wakili analipwa ili amtetee mteja. Mshauri mara nyingine analipwa ili amwambie mteja kwamba tatizo ni yeye mwenyewe.

Mfano wa hoteli ya Diani

Kampuni kubwa za ushauri huwapima waombaji kazi kwa kuwapa kisa cha biashara wakitatue papo hapo mbele ya anayewahoji. Tujaribu kimoja cha kubuni, cha huku kwetu.

Hoteli ya Diani ina vyumba 100. Mwezi wa masika, wageni wachache, ni asilimia 40 tu ya vyumba vinavyolaliwa, kwa shilingi 8,000 usiku mmoja. Mwenye hoteli anataka kushusha bei hadi 6,500 ili vyumba vinavyolaliwa vifike asilimia 50. Afanye hivyo?

Anayefikiri kiwakili atauliza kwanza mikataba na mawakala wa utalii inasemaje. Si swali baya, lakini si la kwanza. La kwanza ni hesabu. Vyumba 100 kwa siku 30 ni malazi 3,000. Asilimia 40 ni malazi 1,200, mara 8,000, ni shilingi milioni 9.6. Kwa bei mpya, asilimia 50 ni malazi 1,500, mara 6,500, ni milioni 9.75. Kumbe ongezeko ni shilingi 150,000 tu. Na yale malazi 300 ya ziada yana chakula, maji, umeme na kufua mashuka. Ikiwa kila moja linagharimu shilingi 1,000, hiyo ni 300,000. Hoteli itajaa zaidi na bado itapoteza 150,000.

Basi jibu ni hapana, usishushe bei kwa wote. Kisha ndipo zije njia nyingine, kwa mfano bei maalumu kwa familia za Kenya wakati wa likizo, au kufunga jengo moja ili kupunguza gharama. Na sasa lile swali la mikataba linarudi na lina thamani kubwa, kwa sababu huenda mkataba na wakala unakataza kumuuzia mtu mwingine kwa bei ya chini kuliko yake. Wakili aliyejifunza hesabu ameyaona yote mawili. Hiyo ndiyo faida ya mkeka na msala kwa pamoja.

Sheria haikuachi hata ukiiacha

Kuna mambo ambayo wakili anayehama lazima ayajue, na baadhi yamewaingiza watu taabani.

Ukiacha kuchukua cheti cha kila mwaka cha kufanya kazi ya uwakili, jina lako hubaki kwenye Daftari la Mawakili, na siku ukitaka kurudi utaomba cheti na kutimiza masharti utakayopewa. Kwa hiyo mlango haufungwi. Lakini muda ambao huna cheti, wewe si wakili wa kazi. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inamkataza asiye na cheti kutayarisha kwa malipo hati kama za kuhamisha ardhi, kuunda kampuni au kuomba usimamizi wa mirathi. Mteja wako wa ushauri atakuambia, "Wewe si ulikuwa wakili? Niandikie basi hiyo hati." Mwelekeze kwa mwenzako mwenye cheti.

Jambo la pili ni siri. Siri ulizoambiwa ukiwa wakili wa mtu haziishi kwa sababu umebadilisha kazi. Kama uliwahi kuwa wakili wa kampuni moja ya uchukuzi, usiende kuishauri mpinzani wake kwa habari ulizozipata humo.

La tatu wengi hawalifikirii. Mazungumzo ya mteja na wakili wake yana kinga mahakamani. Mazungumzo ya mteja na mshauri hayana kinga hiyo. Ripoti yako inaweza kuitishwa na mahakama, ikasomwa neno kwa neno. Mwambie mteja mapema, wala usiandike kwenye barua pepe usilotaka lisomwe mbele ya hakimu.

La nne, anayepanga kufanya yote mawili, yaani ofisi ya uwakili na kampuni ya ushauri na rafiki yake mhasibu, ajue kwamba wakili haruhusiwi kugawana faida ya kazi ya uwakili na asiye wakili. Vitabu viwe viwili, akaunti mbili, na mikataba miwili.

Hesabu ya mfuko

Kwenye kampuni kubwa, wakili wa miaka mitano huenda akaanzishwa ngazi moja na kijana aliyetoka chuo juzi. Hilo huuma, hasa kwa mtu aliyezoea kuitwa "wakili" na karani akambebea faili.

Anayeanza peke yake ajitayarishe kwa miezi mikavu. Kazi ya ushauri huja kwa msimu kama kusi na kaskazi. Mteja akikulipa shilingi 200,000, kwa kawaida atakata asilimia 5, yaani 10,000, aipeleke KRA kama kodi ya zuio, nawe utaihesabu mwisho wa mwaka. Mauzo yako yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, utajiandikisha kwa VAT. Na anayetegemea kaunti ajue kwamba madeni ya kaunti ambayo hayajalipwa ni habari ya kila mwaka katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti. Kazi unaweza kuipata leo ukalipwa baada ya mwaka. Akiba ya miezi sita ya chakula, kodi ya nyumba na karo za watoto iwe tayari kabla ya barua ya kujiuzulu.

Wengine hudhani lazima waende ng'ambo kusomea MBA kwa mkopo mkubwa. Hiyo ni njia mojawapo, na kwa sisi Waislamu ina swali la riba ambalo halifai kufunikwa. Zipo njia nyepesi. Mitihani ya KASNEB ya uhasibu inasomwa hapa hapa huku mtu akifanya kazi, na vyuo vikuu vya Pwani vinafundisha biashara.

Na kabla ya kutia sahihi mkataba wa ajira, uliza: nikipangiwa kampuni ya kamari au ya pombe, naweza kuomba kazi nyingine? Ni rahisi kuuliza siku ya kwanza kuliko kukataa mradi ukiwa umeshaanza.

Njia tatu za kuvuka

Ya kwanza ni kuvuka ukiwa ndani. Wakili aliyeajiriwa na benki, hoteli au kampuni ya meli aombe kuingizwa kwenye mradi usio wa sheria, kama kufungua tawi au kubadilisha mfumo wa malipo. Mwaka mmoja wa namna hiyo una uzito kuliko vyeti vitatu.

Ya pili ni kuingia kampuni ya ushauri kupitia mlango ulio karibu na sheria: kodi, udhibiti wa hatari, utawala bora wa kampuni, ulinzi wa data. Ukishaingia, sogea taratibu.

Ya tatu ni kujiunga na wengine wawili au watatu wa fani tofauti, mhasibu, mhandisi, mtu wa kompyuta, mkaanza na kazi ndogo.

Na kabla ya yote matatu, jipime bila kuacha kazi. Chukua chama cha akiba na mikopo cha mtaani, madrasa yenye deni la karo, kikundi cha wavuvi cha BMU, au nyumba za wakfu ambazo kodi yake haikusanywi ipasavyo. Waombe wakufungulie vitabu vyao kwa mwezi mmoja. Uliza, hesabu, andika kurasa tano zenye jibu mwanzo. Kama umeifurahia kazi hiyo, na wao wakaufuata ushauri wako, umeshajua. Kama uliona ni adhabu, umeokoa miaka, na wao wamepata faida.

Hili ni jambo letu sote

Kwa nini ukumbi wa Pwani ujishughulishe na kazi ya mtu mmoja? Kwa sababu mambo yetu yanaamuliwa kwa ripoti za washauri. Kila kaunti inatakiwa kisheria kuwa na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, CIDP. Tumepitia wa 2013–2017, wa 2018–2022, na sasa tuko katika wa 2023–2027. Baada ya uchaguzi wa 2027 utaandikwa mwingine. Kwale, uchimbaji madini wa Base Titanium ulikoma mwisho wa 2024, na swali la ardhi ile na ajira zile litafuatwe na nini linahitaji watu wa kulifikiria. Lamu ina bandari mpya iliyopokea meli zake za kwanza 2021. Mombasa bado inauliza bandari iwafaidi vipi wenyeji tangu reli ya SGR ianze kubeba makontena.

Mara nyingi anayeandika majibu ya maswali haya ni mtu aliyeshuka uwanja wa ndege wa Moi Jumatatu na kuondoka Alhamisi. Huenda ni msomi hodari. Lakini hajui kwa nini mvuvi wa Vanga hataki kuhamishwa gati, wala hana lugha ya kumuuliza. Tukipata vijana wetu wanaojua sheria, wanaojua hesabu, na wanaoweza kuzungumza Kiswahili, Kidigo au Kigiriama barazani, ripoti zitakuwa nyingine.

Kwa wazazi, nasema hivi. Ile miaka sita haikupotea. Mtoto akiwaambia anataka kuhama, msimuulize watu watasema nini. Muulizeni mambo matatu: unakimbia kazi au unakimbia bosi? Umeshaijaribu hiyo kazi mpya hata kwa mwezi mmoja? Na una akiba ya miezi mingapi? Anayekimbia bosi mbaya abadilishe ofisi, kwa sababu mabosi wabaya wako hata kwenye ushauri. Anayependa kusimama mbele ya hakimu, anayefurahia kuona mjane amerudishiwa shamba lake, huyo abaki, maana Pwani bado ina njaa ya mawakili waaminifu. Lakini akiwa na majibu mazuri ya yote matatu, mpeni dua zenu, na mwambieni asikitupe cheti chake.